Monita imeandikwa 60, mimi naiendesha 75

Nahariri video za harusi, hapa Ngamiani, Tanga. Monita yangu ni ya mtumba, inchi 24, ilitoka kwenye ofisi za watu huko Ulaya. Mgongoni bado ina kibandiko cha namba ya mali. Siku moja mama wa bibi harusi alikaa pembeni yangu kutazama kazi kabla hajamalizia malipo. Kamera inamfuata binti yake akiingia ukumbini, mama akaniuliza: "Mwanangu, mbona anatembea kama anakwepa madimbwi?"

Kamera haikuwa na kosa. Narekodi fremu 25 kwa sekunde, na monita ilikuwa inachora picha mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60. Sitini haigawanyiki kwa 25, kwa hiyo fremu moja inakaa kiooni mara mbili, nyingine mara tatu, na mwendo unakwaruza. Kwa 75 kila fremu inakaa mara tatu, basi. Ndiyo maana niliitaka 75, sikuhangaika na 100 wala 144. Hezi 50 nazo zinagawanyika, ila kishale cha mausi kinakuwa kizito hadi kinakera.

Kabla ya kupandisha hezi, jua njia ya kurudi. Windows ikibadilisha mpangilio inakusubiri sekunde 15 uthibitishe. Kioo kikiwa cheusi, usibonyeze kitu, toa mikono kwenye kibodi, picha itarudi yenyewe. Na kama monita yako ni ya chogo, ya zamani, hii kazi iache. Zile ukizipa kasi zisiyoimudu zinaweza kuungua. Za bapa nyingi huandika tu kwamba ishara imevuka kiwango, kisha zinanyamaza.

Sasa waya, maana hapa ndipo wengi wanapokwama wakidhani kioo ndicho kimegoma. Unaona pikseli (vinukta vya picha) 1920 kwa 1080, lakini kwenye waya zinapita 2200 kwa 1125. Hizo za ziada ni pambizo tupu, urithi wa enzi za chogo, mwale ulipohitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Zidisha kwa 75 upate pikseli milioni 185.6 kwa sekunde. Tundu la HDMI la monita nyingi za zamani mwisho wake ni milioni 165, sawa na DVI ya njia moja, tundu la picha la zamani. Kioo cha bapa hakihitaji pambizo pana namna ile, kwa hiyo zipunguze: 2080 kwa 1111. Ukizidisha kwa 71 unapata milioni 164, kwa 72 milioni 166. Na kweli, kwa HDMI yangu ilikubali 71, nilipoandika 72 ikawa giza. Nikahamia DisplayPort, tundu jingine la picha, ile 72 ikapita bila neno.

Kwenye kadi ya picha ya NVIDIA, fungua paneli yake, nenda "Change resolution", halafu "Customize", halafu "Create Custom Resolution". Acha 1920 na 1080 kama zilivyo, badilisha hezi, na kwenye "Timing" chagua "CVT reduced blank". Hapo ndipo pambizo zinapopungua. Bonyeza "Test". Panda hezi moja moja au mbili mbili. Kadi za AMD zina sehemu kama hiyo kwenye programu yao. Ikishindikana kabisa, iko programu ya bure inaitwa CRU, inayobadilisha maelezo ambayo monita huipa kompyuta kuhusu uwezo wake. Ukiipakua, hakikisha faili la reset-all liko kwenye desktop kabla hujaanza, ndilo litakalokuokoa.

Picha kutokea si ushahidi. Yangu ilikubali hata 77, nikafurahi mapema. Nikaingia testufo.com, kwenye jaribio la kuruka fremu: kuna gridi ya viboksi, kimoja kinawaka baada ya kingine. Nikaweka kamera ya simu kwenye "manual", hali ya kujipangia mwenyewe, lenzi iwe wazi moja ya kumi ya sekunde, nikapiga. Kwa 77, katika ule mstari wa viboksi vyeupe kulikuwa na kimoja cheusi, kama jino lililong'oka. Monita ilikuwa inapokea fremu zote na kuzitupa nyingine kimyakimya, yaani ningekuwa na mkwaruzo uleule kwa namba kubwa zaidi. Nikarudi 75: viboksi saba vimeshikana, hakuna pengo. Piga picha kadhaa, moja haitoshi. Kisha iache ifanye kazi saa nzima, hasa kama chumba chako kina joto kama changu, uangalie kama vimistari au vinukta vinajitokeza.

Kuhusu kuongeza rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, sina mengi. Pikseli za kioo ni zilezile, hazizaliani. DSR ya NVIDIA au VSR ya AMD inachora 2560 kwa 1440 kisha inaibana iingie kwenye 1920 kwa 1080. Kwenye magemu inalainisha kingo. Mimi niliitaka nipate nafasi ya kupanga vipande vya video; nafasi nikaipata, maandishi yakawa kama nimevua miwani. Nikaizima siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Ukiisasisha, mpangilio unaweza kufutika na usijue mpaka mteja akuulize tena habari za madimbwi. Namba zangu nimeziandika kwa maka peni mgongoni mwa monita, chini ya kile kibandiko: 1920, 1080, 75, pambizo fupi, DisplayPort. Dogo anayenisaidia ameongeza chini yake: "waya usiguswe."