Unataka kufanya utafiti na vijana juu ya afya ya uzazi hapa Bukavu? Soma kwanza hii

Banafunzi bengi banakuja kuniuliza vile batafanya memwari yao (kazi ya kumaliza masomo) juu ya afya ya uzazi ya vijana, na karibu bote beko na kestionere ya maswali 60 yenye balitosha ku intaneti. Ile kestionere iweke kwanza pembeni.

Anza na kujua utauliza nani. OMS, shirika ya afya ya dunia, inasema kijana adolesenti ni wa miaka 10 mpaka 19, lakini mutoto wa 11 na binti wa 18 huwezi kubauliza kitu kimoja, chagua. Tena usiishie ku masomo tu. Anketa kubwa ya nchi ya 2013-2014 ilikuta mabinti 27 ku 100, ba miaka 15 mpaka 19, bameisha kuzaa ao beko na mimba ya kwanza, na binti mwenye kubeba mimba mara mingi anaacha masomo, njo utamukuta ku soko ya Kadutu anauzisha ndizi. Ukipita ku madarasa peke yake utafanya utafiti wa mimba bila benye mimba.

Ruhusa: komite ya etike (yenye inaangalia kama utafiti hautaumiza batu), munganga mukubwa wa zone ya afya, shefu wa avenyu. Sheria yetu ya 2009 inasema mwenye hajafika miaka 18 ni mutoto, kwa hiyo unaomba muzazi, kisha unaomba mutoto mwenyewe, na mama akisema ndiyo lakini binti anaangalia chini na kukunja kitenge kwa vidole, ile ni hapana, mushukuru na uende.

Sasa mahali ya kuongelea, hapa njo nataka ukae sana. Mara yangu ya kwanza nilimuuliza binti moja ndani ya nyumba ya mbao kule Kadutu, mama yake mudogo alikuwa anapika sombe ngambo ingine ya ukuta, tulikuwa tunasikia mpaka mwiko ku chungu. Kila swali: hapana, sijue, hapana. Kisha akanisindikiza ku barabara kutafuta moto (taksi ya pikipiki), njo ananiuliza pole pole kama kapoti ikipasuka muntu anafanya nini. Majibu yote nilikuwa nimeandika ile siku ilikuwa ya bure. Tangu pale ninatafuta kwanza mahali, chumba ya parokia saa hakuna muntu, ao chini ya muti mbali na masikio, kwenye batu banatuona lakini habatusikie. Na binti aulizwe na binti.

Maneno nayo. Hakuna mutoto wa Bagira anasema "mahusiano ya kingono". Kaa na vijana tano ao sita mbele ya kuanza, basomee maswali, baulize "hii ungeisema namna gani?", andika vile banasema: kuwa ku mwezi, planingi, kulala na muntu. Kwa maswali mazito tumia hadisi, "kuko binti wa miaka 15, kijana mwenye kumulipia minerval (pesa ya masomo) anaomba balale naye, unazani atafanya nini?", hapo banaongea bila kujisema.

Jina usiandike, weka kodi (namba pahali pa jina), na ukitumia Kobo, aplikasyo ya kukusanya majibu, ku telefone weka neno ya siri juu ndugu zako banaishika.

Na usiahidi "sitaambia muntu" bila kueleza. Sema mapema: ukiniambia kuko mwenye anakuumiza, tutatafuta musaada pamoja. Juu siku moja mutoto atakuambia alibakwa juzi, na dawa ya kuzuia VIH inaanzwa mbele ya masaa 72, ya kuzuia mimba isipite siku 5. Sikilizana na muforomo mbele ya siku ya kwanza ya anketa, namba yake ikae ndani ya telefone yako, pesa ya moto mpaka ku hospitali ya Panzi ikae ndani ya mufuko. Kestionere unaifunga palepale, unamuuliza anataka nani amusindikize, na munaenda.