Somo: Sketi ya vipande sita kutoka mabaki ya vitambaa, kwa patani ya kuchora mwenyewe

Mwenye mfuko wa mabaki na asiye na patani, yaani kiolezo cha karatasi cha kukatia, aanze na sketi ya vipande sita yenye lastiki kiunoni. Haina kola, haina mkono wala kwapa la kukata, na kipande kimoja cha patani kinatosha sketi nzima. Ugumu wake uko kwenye kuchagua mabaki na kulinda upana wa mshono, na hapo ndipo sketi nyingi za namna hii huharibikia.

Chagua mabaki kabla ya kushika mkasi

Fua mabaki yote kwanza, kausha, piga pasi. Pamba ambayo haijafuliwa hurudi, yaani husinyaa, ikiguswa na maji, na ikiwa imeshonwa na poliesta isiyorudi, mshono utajikunja kwenye ufuaji wa kwanza na hakuna pasi itakayounyoosha. Vitambaa vyekundu, vyeusi na vya buluu iliyokoza visugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Vikiacha rangi, vifuliwe tena au viondolewe.

Usipojua kitambaa ni cha nini, choma uzi mmoja juu ya sahani. Pamba hunukia kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Tenga kabisa vitambaa vinavyovutika. Vilivyobaki vipange kwa uzito: vizito vikae chini ya sketi, vyepesi juu. Ukigeuza, kizito kitajaza mikunjo ya lastiki na nguo itakuwa nene kiunoni.

Baki lisilo na ukingo wa kiwandani lina siri moja: halionyeshi nyuzi za urefu ziko upande gani. Livute kwa mikono. Upande usiovutika kabisa ndio urefu, unaovutika kidogo ni upana, na unaovutika sana ni mshazari. Chora mshale wa chaki kufuata urefu, kila baki, bila uvivu.

Patani

Mfano: nyonga sm 100, kiuno sm 76, urefu wa sketi sm 65.

Sketi ya lastiki lazima ipite nyongani, kwa hiyo juu tunapima nyonga, si kiuno. 100 + 5 za nafasi = 105. Gawa kwa 6: sm 17.5. Ongeza 1.5 za mshono kila upande: 20.5. Chini tumia sm 30, na mishono inakuwa 33.

Kwenye gazeti chora mstari wima wa sm 71, yaani 4 za njia ya lastiki, 65 za sketi na 2 za pindo. Kwenye alama ya sm 4 toka katikati 10.25 kila upande. Kwenye alama ya sm 69 toka 16.5 kila upande. Unganisha kwa rula. Zile sm 4 za juu zichorwe wima, zisiendelee na mteremko; zikiendelea kubana, utakapozikunja hazitatosha mahali zinapolalia na njia ya lastiki itakunjamana. Sm 2 za pindo nazo zishuke wima.

Bado jambo moja. Ubavu wa kipande umeinama, kwa hiyo ni mrefu kuliko katikati yake. Pima sm 65 kwenye ubavu wenyewe kuanzia mstari wa kiuno: utaishia karibu mm 3 juu ya mstari wa chini. Unganisha hapo na katikati kwa mkunjo mpole, na ukingo wa pindo uufuate. Ukipuuza, kila mshono utaning'inia kama ncha.

Kuunganisha mabaki

Unga mabaki kwanza, kata kipande baadaye. Kila muungo wenye mshono wa sm 1 unakula sm 2: mabaki matatu ya urefu wa sm 25 yanatoa 75 − 4 = 71, bila ziada hata kidogo. Afadhali yawe ya 26. Fungua mishono hiyo kwa pasi, ukiikandamiza badala ya kuiburuta, kisha weka mstari wa katikati wa patani sambamba na mshale na ukate.

Miungo ya vipande jirani ama ikutane sawasawa ama ipishane kwa sm 5 au zaidi. Kupishana kwa nusu sentimita huonekana kosa hata kama hukukosea.

Kushona

Sindano namba 80/12 kwa pamba ya kawaida, 90/14 kwa jinzi, 70/10 kwa vyepesi. Urefu wa mshono mm 2.5. Jaribu kwanza kwenye makombo ya kitambaa kile kile.

Shona vipande vitatu vitatu, kisha unganisha nusu mbili. Anzia pindoni kuelekea kiunoni. Ukishuka kutoka kiunoni, mshazari wa ubavu unavutika na kipande kimoja kinaishia kirefu kuliko mwenzake. Linda zile sm 1.5. Ukipunguza mm 2 tu kila mshono, kila mshono unaongeza mm 4 na sketi nzima inapanuka kwa mm 24. Piga zigizaga au ovaloki kwenye kingo.

Juu kunja sm 1, kisha sm 3, shona ukingoni na uache tundu la sm 5. Lastiki ya upana wa sm 2.5 ikatwe kiuno kasoro 6, pamoja na 2 za kupandanisha: 76 − 6 + 2 = 72. Ipitishe kwa kikwasi (pini ya usalama), ipandanishe, ishone kwa zigizaga, funga tundu.

Tundika sketi siku nzima kabla ya pindo, mshazari ushuke wote. Punguza palipozidi, kisha kunja mm 8 na mm 12.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, mabaki yangu mengi yana upana wa sm 26 tu. Nifanyeje na chini inataka 33?*
Fanya vipande vinane. Juu 105 ÷ 8 ni sm 13.1, na mishono 16.1. Chini 180 ÷ 8 ni 22.5, na mishono 25.5. Mzunguko ni ule ule, ila mishono ni minane, kwa hiyo kosa la mm 2 linakuwa mm 32.

*Lastiki yangu inajipinda ndani kila nikifua.*
Njia ni pana kuliko inavyotakiwa, au hukuishikiza. Sambaza mikunjo sawasawa, kisha shona wima juu ya lastiki, ndani ya kila mstari wa mshono.

*Naweza kuweka zipu? Sipendi mikunjo kiunoni.*
Ndiyo, dada. Juu chukua kiuno + 2: 78 ÷ 6 = 13, na mishono 16. Ondoa zile sm 4 za njia ya lastiki, weka mkanda wa kiuno, na zipu ya sm 20 kwenye mshono wa kushoto. Hakikisha nyonga: sm 20 chini ya kiuno kila kipande kina takriban sm 18.2, mara sita ni 109, kwa hiyo nyonga ya 100 inapita. Ukifupisha sketi, usipeleke ile 30 juu pamoja na pindo. Kata patani kwa chini tu, mteremko ubaki.

*Mshono wa jinzi na pamba nyepesi unajikunja upande wa pamba.*
Weka pamba chini, kwenye meno ya cherehani, na jinzi juu. Meno husukuma kitambaa cha chini kwa kasi kidogo, na chepesi kikiwa juu hubaki nyuma na kuzidi mwishoni. Bana pini kila sm 5, usivute kwa nyuma. Ikiendelea, legeza uzi wa juu kidogo na ubadilishe sindano. Iliyokufa ncha huleta mikunjo ile ile.