Kabla ya kubadili bolti za shokapu ili tairi pana lipate nafasi

Tairi pana linapogusa, jambo la kwanza ni kujua linagusa wapi. Kwenye gari ndogo nyingi zenye shokapu iliyosimama pamoja na springi yake, kama Corolla, Vitz, IST au Impreza, shokapu ya mbele hushikwa chini kwa bolti mbili zinazopita kwenye masikio yake na kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu). Ukiitoa bolti ya juu na kuweka nyembamba zaidi, tundu linabaki na nafasi, na chuma cha habu kinaweza kusukumwa ndani au nje kabla ya kukazwa. Kikisukumwa ndani, kichwa cha tairi (sehemu yake ya juu) kinalala kuelekea injini na kuiachia fenda nafasi. Lakini kichwa hicho hicho kinaisogelea shokapu. Wengi hawalioni hili hadi wamekwisha kununua: bolti nyembamba husaidia tairi linalogusa fenda, na huliumiza zaidi tairi linalogusa shokapu au sahani ya springi. Kama alama za kukwaruzwa ziko ubavu wa ndani wa tairi, achana na bolti. Dawa yake ni rimu yenye ET ndogo zaidi (ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) au spesa, yaani pete inayowekwa kati ya rimu na habu, na hapo nayo pima upya upande wa fenda.

Piga hesabu ya rimu kabla ya kugusa spana. Tuseme unatoka rimu ya inchi 6 yenye ET 45 kwenda inchi 7 yenye ET 38. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, yaani 12.7 kila upande. ET imepungua kwa 7, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 7. Ukingo wa nje unatoka karibu milimita 20, na wa ndani unaingia karibu 6. Sasa linganisha na kile bolti inachoweza kutoa. Bolti mbili za shokapu zikiachana kwa kama milimita 60, kusogea kwa milimita 1 kwenye tundu la juu hulaza tairi kwa karibu digrii 1, na kichwa cha tairi husogea milimita 3 hadi 5 tu. Bolti haiwezi kufuta kosa la milimita 20. Inafaa pale unapokosa milimita chache za mwisho, na rimu iliyochaguliwa vibaya hubaki rimu mbaya hata ukiilaza.

Baada ya hapo ndipo uitazame bolti yenyewe. Bolti hii haishikilii kama pini. Ikikazwa huvutika kidogo, na mvuto huo huyabana masikio ya shokapu dhidi ya chuma cha habu. Msuguano wa nyuso hizo ndio unaozuia tairi lisihame. Ukipunguza unene, umepunguza mbano, isipokuwa urudishe nguvu kwa daraja la juu la chuma, yaani namba ya nguvu inayoandikwa kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Bolti ya milimita 14 yenye meno ya 1.5 (milimita kati ya jino na jino), daraja 8.8, huanza kurefuka bila kurudi ikivutwa kwa karibu tani 8. Ya milimita 12 yenye meno ya 1.25 na daraja lile lile hufika tani 6 tu. Ikiwa ya daraja 10.9 hupanda hadi kama tani 8.4, na hapo pengo limezibwa. Lakini kama bolti ya awali ya milimita 14 ilikuwa 10.9, nguvu yake ni zaidi ya tani 11, na hakuna bolti ya milimita 12 ya madukani inayofika hapo, hata ya 12.9. Katika hali hiyo usijitungie mbadala. Tumia tu bolti iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na mtengenezaji anayetaja mfano wa gari, tundu la kuiweka na mkazo wake, yaani nguvu ya kuikazia.

Kwa nini tusikimbilie 12.9? Chuma kigumu kiasi hicho kikipakwa zinki kwa umeme kinaweza kunasa haidrojeni na kuwa tete, kisha kikakatika saa au siku kadhaa baada ya kukazwa, bila dalili. Bolti ya chuma kisichoshika kutu inayong'aa kwenye kaunta nayo iache: ile ya kawaida yenye alama A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8. Na bolti ya awali isipelekwe kwenye mashine ya kukereza ili ipunguzwe unene. Kukereza huacha mistari na kona kali mwilini, na nyufa za uchovu wa chuma huanzia hapo hapo. Kutanua tundu la sikio la shokapu kwa tupa ni kosa lile lile kwa njia nyingine, kwani unapunguza uso uliopaswa kubanwa.

Unapokuwa dukani, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, soma kichwa cha bolti. Iwe na namba ya daraja na alama ya mtengenezaji. Kichwa kitupu kirudishe. Bolti za Toyota mara nyingi hubeba namba moja, kama 7, 9 au 11, ambayo ni mfumo wake tofauti na ule wa 8.8, ingawa namba kubwa bado inamaanisha chuma chenye nguvu zaidi. Kwa modeli zake kadhaa Toyota yenyewe huuza bolti za kurekebisha mlalo wa tairi, zenye nukta 1, 2 au 3 kichwani. Nukta zikiongezeka, mwili unazidi kuwa mwembamba, na kitabu cha ufundi kina jedwali la kuchagua kwa hatua za robo digrii. Zikipatikana kwa gari lako, chukua hizo kabla ya kufikiria nyingine yoyote. Aina ya pili ina tumbo la pembeni mwilini (uvimbe usiokaa katikati) na washa yenye ulimi, ambapo kuzungusha kichwa kunasukuma chuma cha habu. Hii huwekwa moja kila upande, kwenye tundu linalotajwa na karatasi yake, huku tundu la pili likibaki na bolti ya awali. Subaru nyingi zimetoka kiwandani na bolti ya namna hii tayari juu, kwa hiyo angalia kama marekebisho yaliyopo yamekwisha kabla ya kununua.

Pima bolti mpya kando ya ile ya zamani. Sehemu laini isiyo na meno ipite masikio yote mawili, kwa sababu meno yakikaa ndani ya sikio hujikata na mbano hulegea. Lakini sehemu hiyo isiwe ndefu hadi nati iishie kwayo kabla ya kubana. Meno mawili au matatu yaonekane nje ya nati. Nati iwe mpya, ya kujifunga, na iingie kwa mkono mwanzoni: nati ya 1.5 kwenye bolti ya 1.25 huzunguka kidogo kisha hukwama, na anayelazimisha kwa spana ya upepo huharibu vyote viwili.

Andaa brashi ya waya na toki renchi (spana inayopima mkazo). Shokapu mpya nyingi zina rangi nene kwenye masikio. Ikibaki chini ya kichwa cha bolti hukandamizwa taratibu na mbano kupungua, kwa hiyo isugue pale panapobanwa. Meno yawe makavu, kwani mafuta hufanya mkazo ule ule uvute bolti kupita kiasi. Mkazo uchukue kwenye karatasi ya bolti mpya, si wa bolti nene iliyotoka. Shika kichwa, zungusha nati, huku mwenzako akisukuma kichwa cha tairi upande unaoutaka.

Usivunje usawa wa mlalo wa kushoto na kulia: tofauti isizidi nusu digrii. Kagua mpira wa breki na waya wa ABS usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote. Paka chaki kwenye ukingo wa tairi, pakia watu wanne, pita kwenye matuta polepole, kisha tazama ilipofutika. Kwa upande wa shokapu, hatushauri nafasi ishuke chini ya milimita 5. Fedha ya alaimenti iwepo siku hiyo hiyo, maana ukibadili mlalo umebadili pia jinsi matairi yanavyotazamana, na hilo hula tairi haraka kuliko mlalo wenyewe.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio. Baada ya kilomita 100 angalia tena kwa toki renchi. Mstari ukiwa umevunjika, au kukiwa na vumbi jekundu la kutu pembeni ya sikio, kiungo kimeshateleza: toa bolti na nati, zitupe, safisha nyuso na uweke mpya.