Jinsi ya kumwuliza mpangaji kama nyumba inakalika

Nina nyumba sita za kupangisha Kyaliwajjala, kitongoji cha Kampala, kila moja vyumba viwili na sebule, tofali za kuchoma na mabati. Marehemu mume wangu alizijenga, mimi ndiye ninayezisimamia. Mpangaji wa namba mbili, mama mmoja wa Bunia, alikaa miaka mitatu. Kila nilipofuata kodi nilimwuliza, "Nyumba iko sawa?" Naye hujibu, "Iko sawa, mama." Siku ya kurudisha funguo ndipo alinionyesha godoro la watoto lililokunjwa nyuma ya kochi. Chumbani kwao hakulaliki mpaka saa tano usiku, kwa hiyo walilala sebuleni. Miaka mitatu! Iliniuma sana, na ndiyo sababu naandika haya kwa wenzangu wenye nyumba.

Kwanza, usiulize ukiwa umeshika kitabu cha risiti. Mtu anayedaiwa kodi atakuambia kila kitu ni kizuri. Nenda katikati ya mwezi, keti, kunywa chai ukikaribishwa, halafu uliza kwa saa na kwa chumba. Saa tisa mchana mnakaa wapi? Usiku dirisha mnafungua au mnafunga, na kwa nini? Chumba gani hakuna anayetaka kulala? Nguo za kabatini zinanuka ukungu?

Wataalamu wa majengo hupima jinsi watu wanavyohisi joto kwa mizani ya ngazi 7. Mimi naisema hivi: baridi, baridi kiasi, baridi kidogo, sawa, joto kidogo, joto, joto kali. Mpangaji achague moja kwa kila chumba. Kisha swali la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito: ungependa pabaki hivyo, papoe, au paongezeke joto? Afande mstaafu wa namba nne alisema sebule yake ina joto, lakini pabaki hivyo hivyo, magoti yanamsumbua. Mwalimu wa namba tano alisema joto kidogo tu, ila anataka papoe, maana hapo ndipo anaposahihisha madaftari jioni. Kwa swali la kwanza peke yake ningepeleka fundi kwa afande.

Andika majibu pamoja na saa na mwezi, halafu ukague mwenyewe. Kampala na vitongoji vyake viko mita 1,200 hivi juu ya bahari, usiku hewa ya nje hupoa vizuri. Kwa hiyo chumba kisicholalika saa tatu usiku, joto lake mara nyingi limetoka kwenye jengo lenyewe. Weka kiganja ukutani saa moja jioni. Namba mbili, ukuta wa magharibi wa chumba cha watoto ulikuwa kama ubavu wa chungu kilichoepuliwa sasa hivi, wa kaskazini umepoa. Hapa karibu na ikweta jua la mchana liko juu, upenu mfupi unakinga kuta za kaskazini na kusini. La alasiri huja chini chini, linapita chini ya upenu, tofali zinalinywa na kulitoa usiku.

Pazia la ndani halisaidii sana, jua linakuwa limeshavuka kioo. Kivuli kiwe nje. Nilitundika mkeka wa matete wa kukunjua mbele ya dirisha, nikapanda mipapai miwili kando ya ukuta. Juu ya dari hewa ya moto ilikuwa imefungiwa chini ya mabati, seremala akatoboa matundu pande mbili na kuyawekea wavu wa kuzuia popo.

Halafu upepo. Dirisha la kusukuma kando hufunguka nusu tu, na nusu hiyo haifai kitu kama hewa haina pa kutokea upande wa pili. Nilibadilisha moja likawa la bawaba, nikafungua tundu juu ya mlango. Ila kama wanafunga usiku kwa hofu ya wezi na mbu, anza na nondo na wavu. Wavu wenyewe uoshwe, vumbi letu jekundu huuziba kabisa.

Unyevu ukipanda kutoka chini ya ukuta, usipake rangi juu yake. Tafuta maji ya mvua yanapotuama nje. Na ukikuta sigiri, yaani jiko la mkaa, inawaka ndani milango imefungwa, acha maswali yote, itoeni nje kwanza. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu usingizini.

Baada ya marekebisho rudi saa ile ile na daftari lile lile. Wapangaji wapya wa namba mbili waliniambia chumba cha watoto ni joto kidogo, pabaki hivyo. Godoro nililiona chumbani, limetandikwa. Lakini dirisha likiwa wazi, harufu ya jiko la jirani inaingia hadi kwenye shuka, nimeiandika, na fundi anakuja Jumamosi.