Ua la nywele za marehemu: jinsi ya kulifunga kwa waya kama walivyofanya zamani

Kabla hujagusa nywele za mtu wako aliyefariki, fanya kwanza mazoezi na nywele za saluni, hata maua matano, maana za marehemu ukiziharibu ndo basi, hakuna zingine.

Hii kazi ilipamba moto Uingereza na Marekani karne ya 19, hasa baada ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, kufariki Desemba 1861 na Malkia kuvaa nguo nyeusi mpaka alipofariki na yeye 1901. Nywele haziozi kama mwili, ndo maana watu walizitunza. Kama kwenu marehemu lazima azikwe na nywele zake usilazimishe, tumia za walio hai, mashada mengi ya zamani ya maua haya yalichanganya nywele za marehemu na za walio hai.

Hatua ya 1. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha kivulini, chana taratibu, afu panga mashina yote upande mmoja. Zikiwa sentimita 15 kwenda juu unafanya kazi kwa raha.

Hatua ya 2. Chukua waya mwembamba wa shaba, kama milimita 0.3, ukunje katikati upate miguu miwili. Chukua na sindano ya kufumia sweta.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka kabisa. Hesabu nywele kama 20, zilowanishe kidogo zishikane, funga mashina yake kwenye kona ya waya, weka sindano juu ya waya, zungusha nywele juu ya sindano mara moja, zipitishe katikati ya miguu miwili ya waya, afu pishanisha miguu ibane. Zungusha tena, pishanisha tena, yaani kila mzunguko na kufuli yake, ukiruka mmoja tu ukichomoa sindano vitanzi vyote vinafumuka mkononi unaanza upya. Mimi nabana kila kufuli kwa kucha ya dole gumba mpaka nasikia waya umekaa.

Hatua ya 4. Chomoa sindano polepole. Utabaki na utepe wa vitanzi vidogo, ukunje uwe petali, sokota miguu chini. Petali tano, shanga katikati, funga na uzi wa hariri, ua limeisha.

Hatua ya 5. Maua yakiwa mengi yapange kwa umbo la kiatu cha farasi, mdomo juu, weka kwenye fremu yenye kina na kioo, mbali na jua kwa sababu jua linapausha nywele.

Afu nyuma ya fremu andika majina kwa penseli, tafadhali sana. Nilishakarabati shada moja la zamani, waya umeshika kutu wote, katikati kuna kiua cha nywele laini za mtoto bado zinang'aa, na nyuma hamna jina, hakuna anayejua alikuwa nani.