Kuleta geji ya mionzi Pemba kwa kazi ya barabara: karatasi mwanzo, mashine baadae

Kuna kijana kaniuliza, kampuni yao imepata kazi ya barabara Pemba na wanataka ile geji ya mionzi ya kupimia mshindilio wa udongo, lile boksi la njano lenye fimbo, waanzie wapi. Yakhe, kwanza msinunue. Najua injinia ashakubaneni, lakini ikishafika bandarini bila kibali hapo ndo mtajua hamjui.

Mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki, ile ya Sheria namba 7 ya 2003, na sheria hiyo inafika mpaka visiwani, kwahiyo ile "sisi Zanzibar hayatuhusu" iwacheni. Ofisi wanayo Unguja. Wengi wetu tunaijua kwa kupima vyakula vinavyoshuka bandarini, kumbe leseni za mionzi nazo zinatoka humo humo. Nendeni mkaulize na ada kabla hamjaandika bajeti.

Sasa watu wanapokosea ni kudhani leseni ni ya mashine tu kama kadi ya gari. Sivyo. Inaangalia kitu gani, kinalala wapi na nani anakishika. Kampuni moja niliyofanya nayo kazi leseni tulikuwa nayo kabisa, ila stoo iliyoandikwa ilikuwa ya bara, tukaja na geji Pemba tukaambiwa isiguswe mpaka stoo ya huku ikaguliwe, basi greda zimesimama, vibarua wamekaa chini ya mwembe, wote wanasubiri boksi moja.

Kwahiyo kwenye maombi wekeni modeli, namba za vyanzo (vile vipande vinavyotoa mionzi) na nguvu yake, na cheti cha mtengenezaji (kawaida ndani mna seziamu-137 ya kupimia uzito wa udongo na amerisiamu-241 ya unyevu). Halafu ramani ya stoo: mlango wa kufuli, alama ya mionzi, mbali na meza za watu, maana ukisogea kutoka mita 1 hadi 2 mionzi inayokufikia inashuka mpaka robo. Msiiweke chini ya ngazi anapolala mlinzi, nimeona kwa macho yangu. Na muwe na afisa usalama wa mionzi aliyesoma kweli, si jina la mpwa wa bosi, pamoja na beji za kupimia mionzi kwa kila anayeishika geji. Mfanyakazi kikomo chake ni milisivati (kipimo cha mionzi anayoipata mtu) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, mtu wa kawaida 1.

Fundi mmoja aliniambia "mimi naizima nikimaliza". Kinachozimika hapo ni skrini! Eksrei ukiizima imezimika, lakini seziamu haina swichi, inawaka usiku na mchana na nusu yake inakwisha baada ya miaka 30. Kinachokulinda ni ile fimbo yenye seziamu kurudi ndani ya kinga yake, basi hakikisha imerudi.

Kuivusha maji ni kibali chengine, cha usafirishaji. Boksi lake la asili, lebo za mionzi pande mbili, karatasi zenye namba UN 3332 (namba ya kimataifa ya mzigo wa mionzi kama huu), na nahodha aambiwe mapema, mzigo huu ni hatari daraja la 7, yaani la vitu vya mionzi. Usiibebe kwenye boti ya abiria ukasema "ni mashine ya kupimia tu", ikigundulika pale bandari ya Mkoani utaeleza mpaka magharibi. Kwenye gari ifungwe nyuma, dereva asiiwache akenda kunywa chai.

Jengine ambalo hakuna anaelifikiria ni siku kazi imekwisha. Kabla ya kununua, muandikiane na muuzaji kwamba ataichukua ikichoka, au muulizeni Tume utaratibu wa kuipeleka kwenye hifadhi yao ya taka za mionzi Arusha. Ikiachwa stoo kampuni ikafungwa, atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Goiânia kule Brazili mwaka 1987 ilianza hivo hivo, mashine ya hospitali iliyotelekezwa ikavunjwa wauze chuma, unga wa seziamu ukaenda majumbani na watu 4 wakafa. Ile ilikuwa na nguvu kubwa mara nyingi kuliko geji, lakini mlango ni ule ule.

Na geji ikipotea au ikikanyagwa na rola, watu warudi nyuma, zungushieni kamba, pigieni Tume saa ile ile. Msiisogeze kwa koleo.