Kupima jalada la kitabu: anza na mgongo

Kitabu changu cha kwanza kilitoka na mkanda mwekundu mbele, milimita 4 kamili, na mwingine kama huo nyuma. Nakala 100. Watu wa hapa Lubumbashi wakanisifu: "Yaya (kwetu ni ndugu mkubwa), huo mustari mwekundu ni muzuri sana!" Nikapokea sifa, nikanyamaza. Ile rangi ilikuwa ya mgongo. Niliupa mgongo milimita 18, kitabu kikahitaji 10, zile 8 zilizobaki zikamwagikia pande zote mbili. Na kwa kuwa kila kitu kilisukumwa kuelekea nje, herufi ya mwisho ya jina langu ilinusurika chupuchupu kwenye kisu cha kukatia.

Mchapaji hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechukua kurasa 184 nikazidisha kwa 0.1, nikasahau kwamba 0.1 ni unene wa karatasi, na karatasi moja ina kurasa mbili. Somo hili nimeliandika ili mwenzangu asilipie kosa hilo hilo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Jalada la kitabu kilichogandishwa kwa gundi ni kipande kimoja. Litandaze mezani, upande wa nje ukuangalie: kushoto ni nyuma ya kitabu, katikati ni mgongo, kulia ni mbele. Wengi huweka mbele kushoto kwa sababu ndiyo inayokuja kwanza akilini. Chukua kitabu chochote nyumbani, kifungue kifudifudi, utaona.

Hatua ya 1: maliza ndani

Usiguse jalada kabla maandishi ya ndani hayajafungwa. Ukibadilisha ukubwa wa herufi kutoka 12 kwenda 11, kurasa zinapungua, mgongo unapungua. Hesabu kila ukurasa, pamoja na ule wa jina la kitabu, wa shukrani, na ile mitupu. Namba ya mwisho iliyochapwa chini ya ukurasa isikudanganye. Angalia PDF yenyewe ina kurasa ngapi. Ikiwa ni namba witiri, ongeza ukurasa mmoja mtupu mwishoni.

Hatua ya 2: pima karatasi yenyewe

Hapa ndipo pa kutulia. Watu huuliza "ni gramu ngapi?" wakidhani wameuliza unene. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, basi. Karatasi ya kung'aa ya gramu 115 inaweza kuwa nyembamba kuliko ya kawaida ya gramu 80, kwa sababu imeshindiliwa. Na ile ya riwaya, ya rangi ya maziwa, iliyojaa hewa, inaweza kuwa na gramu 80 hizo hizo na bado ikanenepesha kitabu kwa nusu nzima au zaidi.

Wachapaji wetu wanaofanya kazi kwa Kifaransa wana neno la jambo hili: "main", yaani mkono. Karatasi ina "mkono" wa 1.25, au 1.5, au 2. Zidisha gramu kwa mkono, gawanya kwa 1000, umepata unene kwa milimita. Gramu 80 mara 1.25 ni 100, gawanya kwa 1000: milimita 0.1. Ya mkono wa 2 ni 0.16. Muulize mchapaji swali hilo tu, atajua kwamba amempata mteja anayejua.

Akikosa jibu, kuna njia ya rula. Omba rimu iliyofungwa ya karatasi ile ile atakayotumia, si ya jina linalofanana. Rimu ina karatasi 500. Ibane kidogo kwa kiganja hewa itoke, pima kimo chake sehemu tatu, chukua wastani. Juzi nilipima moja, ikatoa milimita 51. Gawanya kwa 500: 0.102 kwa karatasi. Kwa rula ya mtoto wa shule! Ila usipime rimu iliyokaa wazi dukani majira ya mvua. Karatasi hunywa unyevu ikavimba.

Hatua ya 3: mgongo

Kurasa gawanya kwa 2, zidisha kwa unene wa karatasi, ongeza unene wa jalada mara mbili. Kitabu changu kile kile:

184 ÷ 2 = karatasi 92
92 × 0.102 = 9.38
jalada la gramu 250, karibu 0.25 kila upande: 0.5
jumla 9.88, tuseme milimita 10

Nikipata sehemu ya milimita, huwa nasogeza hadi nusu iliyo karibu. Hakuna kisu cha mjini kitakachoheshimu mia moja ya milimita.

Hatua ya 4: upana na kimo

Ukubwa wa A5 ni 148 kwa 210. Kila ukingo wa nje unaongezewa milimita 3 za kukatwa, zile zinazoitwa "fond perdu": rangi au picha inapita mpaka wa kitabu, ili kisu kikiyumba kidogo usione ufito mweupe pembeni.

Upana: 3 + 148 + 10 + 148 + 3 = 312
Kimo: 3 + 210 + 3 = 216

Jalada lako ni milimita 312 kwa 216. Mgongo hauongezewi chochote, kwa sababu haukatwi, unakunjwa.

Hapa pana siri ndogo ya bei. Kipande cha 312 hakiingii kwenye A4, na kwenye A3 (297 kwa 420) linaingia jalada moja tu. Lakini mashine nyingi za kidijitali hula SRA3, 320 kwa 450. Majalada mawili yakipangwa moja juu ya jingine yanachukua 312 kwa 432. Yanaingia, kwa shida, na mchapaji atanung'unika kuhusu alama za kukatia. Lakini umelipia nusu ya karatasi za jalada. Kitabu kikinenepa hadi mgongo wa 18 wangu wa kipumbavu, upana unafika 320 na nafasi hiyo imekwisha.

Hatua ya 5: mistari ya kuongoza

Fungua ukurasa wa 312 × 216 kwenye programu yako. Scribus haina malipo na inatosha. Weka mistari ya kusimama, ukihesabu kutoka kushoto: 3, 151, 161, 309. Ya kulala: 3 na 213. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mistari hiyo. Kwenye mgongo, acha 1.5 kila upande; kwa mgongo wa 10 unabaki na 7 za herufi.

Kama programu yako inafikiri kwa pikseli, gawanya milimita kwa 25.4, zidisha kwa 300. Jalada letu ni pikseli 3685 kwa 2551. Picha iliyopita WhatsApp kama picha huwa imebanwa. Mwombe aliyepiga picha akutumie kama dokumenti.

Na jambo moja nililojifunza kwa aibu: usiupe mgongo rangi yake peke yake. Acha rangi ya nyuma au ya mbele iendelee. Ukikosea milimita moja hakuna atakayejua.

Maswali ya wanakikundi

Aksanti mingi, yaya. Miye niko na mashairi ya kurasa 48, nataka jina langu lionekane kwenye mgongo. Nipime ngapi? (Likasi)

Karatasi 24, kama milimita 3 pamoja na jalada lenye gundi, na gundi yenyewe haitashika vizuri kwenye unene huo. Kibane kwa pini katikati kama daftari. Hapo hakuna mgongo: jalada ni 302 kwa 216, na kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Zako zinagawanyika. Jina liweke mbele, kubwa.

Ndugu yangu yuko Ulaya, anataka nipandishe kitabu pia Amazon. Nitumie jalada hilo hilo la 312? (Kamalondo)

Hapana, mama, litakataliwa. KDP, yaani huduma ya Amazon ya kuchapa vitabu, wana karatasi yao, na tena wanahesabu kwa ukurasa, si kwa karatasi. Usigawanye kwa 2. Nyeupe ni milimita 0.0572 kwa ukurasa, ya rangi ya maziwa 0.0635. Kurasa 184 za maziwa: mgongo 11.7. Ziada ya kukatwa kwao ni 3.2. Kwa A5 unapata 314.1 kwa 216.4. Na chini ya kurasa 79 hawakubali maandishi kwenye mgongo. Kitabu kimoja, majalada mawili; zoea.

Maandishi ya mgongo yapande au yashuke? Vitabu vyangu vya shule vinapanda. (Katuba)

Vya Kifaransa hupanda kutoka chini, vya Kiingereza hushuka kutoka juu, ndiyo maana mbele ya rafu yenye mchanganyiko unainamisha kichwa huku na huku kama kuku. Hakuna sheria itakayokufunga. Mimi nashusha: kitabu kikilazwa mezani, uso juu, jina la mgongo linasomeka sawasawa, halikupinduka, na hapa kwetu vitabu huuzwa vikiwa vimelala. Ukiuza pia Zambia au Tanzania, lishuke tu.

Nataka jalada lenye masikio yanayokunjwa ndani, sentimita 8 kila upande. (Kolwezi)

Ongeza 160: jumla 472. Hata SRA3 haitoshi, kaka. Tafuta mwenye mashine kubwa ya ofseti, na kwa nakala chache bei itakuuma. Ukiamua, mpe uso wa mbele na wa nyuma milimita 1 zaidi kila mmoja, la sivyo sikio likikunjwa linatokeza karatasi za ndani.

Msimbo wa mistari wa ISBN, ile namba ya kitabu, uwe mkubwa kiasi gani? (Kampemba)

Kipimo kamili ni karibu 37 kwa 26, na unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, si chini. Mweusi juu ya mweupe, chini nyuma, mbali na mkunjo. Usiuweke mwekundu ili upendeze: mwanga wa kisomeo ni mwekundu, hautaona mistari.

Mchapaji anasema nimtumie mbele na nyuma tu, mgongo ataweka mwenyewe. Nikubali? (Ruashi)

Mwulize unene wa karatasi yake. Akikuambia "gramu 80", chukua rula uende.